Ondulere bila programu ni nusu ya kazi: jinsi ya kulinda ordinatere za Linux katika ofisi zetu

Makanisa yetu ya mashariki yanazidi kutumia ordinatere. Daftari la ubatizo, hesabu za sadaka na za idara, majina ya wanafunzi, karatasi za wagonjwa wa kituo cha afya: mambo ambayo zamani yalikaa katika vitabu vikubwa, sasa yanakaa ndani ya mashine moja pembeni ya chumba cha katibu. Na sisi sote tunajua umeme wetu ulivyo. Unakuja, unaondoka, unarudi kwa nguvu kupita kiasi, unaondoka tena. Kwa hiyo ofisi nyingi zimenunua ondulere, lile sanduku zito lenye batri ndani ambalo wengine huliita UPS, zikadhani jambo limekwisha.

Halijakwisha. Ondulere peke yake haiokoi kitu, inachelewesha tu. Umeme ukikatika saa nne ya usiku wakati ofisi imefungwa, sanduku litalia kwa robo saa katika chumba kisicho na mtu, halafu batri itaisha na ordinatere itaanguka vilevile kama ingeanguka bila ondulere. Kinachookoa kazi yenu ni programu inayoisikiliza ondulere kupitia waya, inayojua kwamba batri inaelekea kwisha, na inayoizima ordinatere kwa utaratibu kabla ya hapo. Hapa tunaeleza jinsi ya kuichagua programu hiyo na kuiweka kwenye Linux, yaani Debian, Ubuntu, Mint na ndugu zao, ambazo baadhi ya ofisi zetu zinatumia kwa sababu hazidai feza ya leseni.

Kwa nini kuanguka ghafula ni kubaya hivyo? Linux haiandiki kila kitu kwenye disiki papo hapo. Inashika maandishi kwanza katika kumbukumbu yake, kisha inayapeleka kwenye disiki baada ya sekunde kadhaa, pengine hata 30. Umeme ukikatika katikati, yaliyokuwa njiani yanapotea. Mfumo wa ext4, ambao Linux nyingi hutumia kupanga mafaili, una shajara yake ya ndani inayolinda mpangilio wa disiki usivurugike, na hilo ni jema. Lakini haulindi ukurasa wa hesabu uliokuwa unaandikwa dakika ile. Hifadhidata kama PostgreSQL na MariaDB zinajua kujitengeneza baada ya ajali, ila zinategemea disiki iwe ya kweli. Disiki za bei ndogo zipo zinazojibu “nimekwisha andika” wakati bado. Mhasibu anafungua kesho yake, faili halifunguki, na miezi sita ya hesabu sherti iandikwe upya kutoka kwenye vipande vya risiti. Kama risiti zipo.

Anzeni na ondulere yenyewe

Kabla ya kuchagua programu, geuzeni ondulere mtazame nyuma. Mnatafuta tundu la USB, lile la mraba kama la imprimante. Kama halipo, na hakuna tundu lingine la data, basi sanduku hilo ni bubu. Litawapa dakika za kuzima kwa mkono mtu akiwapo, lakini hakuna programu duniani itakayoweza kulisemesha. Hili ni jambo la kwanza kuuliza sokoni, kabla ya bei.

Baadhi ya ondulere za APC zina tundu la data linalofanana na tundu la waya wa rezo, lakini waya wake ni wa pekee, na waya wa kawaida wa rezo hautafanya kazi hata kama unaingia vizuri. Mkinunua ondulere iliyokwisha tumika, ombeni waya huo pamoja nayo, maana kuupata baadaye ni taabu. Na kwenye zile Smart-UPS za zamani zenye tundu la serie, msichomeke waya wowote wa serie mnaouona: waya usio wake unaweza kuifanya ondulere ikate umeme papo hapo.

Mkiisha kuchomeka waya wa USB kwenye ordinatere, andikeni:

lsusb

Orodha itatokea ya vitu vyote vya USB, kila kimoja na namba yake. Namba inayoanza na 051d ni APC. 0463 ni Eaton, ambayo zamani iliitwa MGE. 0764 ni CyberPower. Hizi kwa kawaida zinasema lugha moja inayojulikana, ile ya USB iliyowekwa kwa ajili ya vyombo vya umeme. Mkiona 0665:5161, mko na moja ya zile ondulere za bei nafuu zilizojaa katika maduka yetu kwa majina mengi tofauti. Jina la nje linabadilika, lakini kipande cha ndani kinachoongea na ordinatere ni kilekile. Msikate tamaa, inawezekana kuzungumza nayo, ila kwa lugha nyingine na kwa maneno machache zaidi.

Programu tatu, na ipi tungechagua

Ya kwanza huenda mko nayo tayari bila kujua. Linux yenye meza ya picha huja na programu iitwayo UPower, ile inayoonyesha alama ya batri kwenye laptopu. Mkichomeka ondulere inayosema lugha ya kawaida ya USB, alama ya batri inatokea hata kwenye ordinatere ya mezani, na batri ikifika chini kabisa UPower huizima mashine. Kwa ordinatere moja ya katibu, yenye mtu mbele yake mchana kutwa, hiyo inaweza kutosha. Ubaya wake ni kwamba inangoja mpaka asilimia chache sana zibaki, na kwa batri iliyozeeka asilimia hizo ni za uongo. Tutarudi kwenye uongo huo.

Ya pili ni apcupsd. Kama jina lake linavyosema, ilitengenezwa kwa ajili ya ondulere za APC. Ni nyepesi, maelezo yake ni mazuri, na kuiweka ni kazi ya dakika kumi. Toleo lake la 3.14.14 ni la mwaka 2016, na tangu hapo mtu asitegemee mambo mapya. Lakini kwa APC za kawaida inafanya kazi hadi leo. Mkiwa na APC moja na ordinatere moja, hatutawakataza.

Ya tatu ni NUT, kifupi cha Network UPS Tools. Russell Kroll aliitoa mwaka 1998, na wengine wakaipokea baada yake. Inaendelea kutunzwa hata sasa, na toleo la 2.8.0 lilitoka mwaka 2022. NUT inasemesha ondulere za viwanda vingi sana, pamoja na zile za 0665:5161, na ondulere moja inaweza kulinda mashine kadhaa kwa njia ya rezo. Ubaya wake ni kwamba mtu anayeianza anakutana na mafaili matano ya kujaza, na neno moja likikosewa katika faili moja, yote yananyamaza.

Kwa ofisi zetu tungechagua NUT, na sababu yetu kubwa ni soko letu. Leo mko na APC mliyopewa na rafiki wa kanisa. Mwaka kesho imekufa na mnanunua ile inayopatikana Goma, Bukavu au Butembo siku hiyo, ya jina lolote. Aliyejifunza apcupsd ataanza upya. Aliyejifunza NUT atabadilisha mstari mmoja.

Kuna pia programu za viwanda, zinazokuja kwenye CD ndani ya katoni. Nyingi zilitengenezwa kwa kufikiria Windows kwanza. Ziacheni, ila kama NUT imeshindwa kabisa.

Tahadhari moja: msiweke apcupsd na NUT pamoja. Waya ni mmoja, na programu mbili zikiugombania hakuna itakayosikia vizuri.

Kuiweka NUT

Kwenye Debian au Ubuntu yenye intaneti, amri ni moja:

sudo apt install nut

Kama ofisi yenu haina intaneti, ordinatere nyingine mjini yenye Linux ya toleo lilelile inaweza kuwasaidia. Huko andikeni amri hiyo mkiongeza --download-only mwishoni, kisha nakilini vifurushi kutoka /var/cache/apt/archives kwenye ufunguo wa USB, mvilete, na mviweke kwa sudo dpkg -i *.deb. Angalieni tu kwamba ordinatere ya mjini haikuwa na NUT tayari, maana haitapakua kitu.

Mafaili yote ya NUT yanakaa katika /etc/nut. La kwanza ni ups.conf, linalosema ondulere ni ipi. Ili kujua cha kuandika, amri hii inatafuta yenyewe:

sudo nut-scanner -U

Itawarudishia mistari michache yenye jina la dereva, yaani mkalimani kati ya ordinatere na ondulere. Kwa ondulere zinazosema lugha ya kawaida ni usbhid-ups. Kwa zile za bei nafuu ni nutdrv_qx. Basi katika ups.conf mnaandika:

[ofisi]
driver = usbhid-ups
port = auto

Neno “ofisi” ni jina tulilochagua sisi. Mnaweza kuiita mnavyotaka, bila nafasi katikati. Katika upsd.users mnamweka mtu wa kusimamia, ambaye si mtu bali ni jina na neno la siri:

[mlinzi]
password = nenoLenuLaSiri
upsmon primary

Katika upsmon.conf mnaongeza mstari unaosema nani analinda nini:

MONITOR ofisi@localhost 1 mlinzi nenoLenuLaSiri primary

Kwenye Linux za zamani zenye NUT ya kabla ya 2.8.0, kwa mfano Debian 11, mahali pa primary mnaandika master. Maelezo mengi mnayoyakuta ni ya enzi hiyo, na hapo ndipo watu wengi hukwama.

La mwisho ni nut.conf, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Debian inaiweka NUT ikiwa imelala: ndani ya faili hilo kuna MODE=none. Andikeni MODE=standalone, kisha washeni upya ordinatere yote. Kuna njia za kuamsha kipande kimoja kimoja, lakini kuwasha upya kunaanza kila kitu kwa mpangilio wake na kunawaonyesha kama NUT itaamka yenyewe siku ambayo ninyi hampo. Faili la tano, upsd.conf, halina la kuguswa kwa sasa.

Baada ya hapo:

upsc ofisi@localhost

Kama mambo ni sawa, ondulere itaanza kuwasimulia habari zake. Mstari wa ups.status ukisema OL, umeme upo. OB ni kwamba inakula batri. LB ni kwamba batri iko karibu kwisha, na RB ni kwamba yenyewe inaomba batri mpya. Mtaona pia battery.charge kwa asilimia, battery.runtime kwa sekunde, ups.load inayosema mmeipakia mzigo kiasi gani, na mara nyingi input.voltage. Huu wa mwisho ni wa kuangaliwa hata siku za kawaida. Umeme wetu unapaswa kuwa 220, na mkiona unashuka hadi 170 kila jioni mtaelewa kwa nini frigo ya kituo cha afya haidumu.

Kama upsc inajibu kwamba haiwezi kuunganika na dereva, chomoeni waya wa USB, ngojeni kidogo, mrudishe. Mara nyingi ni ruhusa ya kugusa USB ambayo haikupewa kwa sababu ondulere ilichomekwa kabla ya NUT kuwekwa.

Ni wakati gani wa kuzima?

Hili ndilo swali lenyewe, na NUT haiwezi kulijibu kwa niaba yenu. Bila kuambiwa kitu, itangoja ondulere iseme LB, ndipo izime. Ondulere mpya ya kiwanda kizuri inasema LB ikiwa imebakiza dakika mbili au zaidi, na zinatosha. Lakini batri ya risasi iliyokwisha kula miaka mitatu haishuki polepole. Inaonyesha asilimia 60, halafu 55, halafu inaanguka shimoni. Ondulere inasema LB na kuzimika katika sekunde zilezile, na Linux inakuwa haijamaliza hata kufunga hifadhidata.

Kwa hiyo tunashauri msiamini LB ya ondulere yenu. Katika ups.conf, chini ya jina lake, ongezeni:

ignorelb
override.battery.charge.low = 50

Maana yake: usingoje ondulere ilalamike, batri ikifika nusu, hesabu kwamba imekwisha na uzime. Wengine watasema ni kupoteza nusu ya batri. Lakini ordinatere ya usiku haina kazi ya kufanya katika robo saa ile. Kazi yake ni kuzimika salama. Na tena, batri ya risasi inayokaushwa kila siku hufa upesi, hivyo kuzima mapema kunairefushia maisha.

Ondulere za bei nafuu za nutdrv_qx zina shida zaidi hapa, maana nyingi hazitoi asilimia. Zinatoa volti za batri tu, na dereva anakisia yanayobaki. Kwa hizo tunapendelea saa kuliko asilimia. NUT ina msaidizi aitwaye upssched: umeme ukikatika anaanza kuhesabu, ukirudi anafuta hesabu, na sekunde mlizoweka zikitimia anaagiza kuzima. Dakika tano ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu katizo nyingi fupi zinapita ndani ya muda huo bila kuwasumbua.

Kwa apcupsd mambo haya yamo katika faili moja, /etc/apcupsd/apcupsd.conf. Mnaweka UPSCABLE usb na UPSTYPE usb, mnaacha DEVICE bila kitu, kisha BATTERYLEVEL ni asilimia, MINUTES ni dakika zilizobaki, na TIMEOUT ni sekunde tangu umeme ulipokatika. La kwanza kutimia ndilo linalozima. Amri ya kuona hali ni apcaccess.

Na umeme ukirudi?

Fikirini jambo hili: batri imefika nusu, NUT imeagiza kuzima, Linux imezimika vizuri. Dakika moja baadaye umeme unarudi. Nani ataiwasha ordinatere? Ondulere haikuwahi kukata umeme, kwa hiyo mashine haijui kwamba kuna kitu kilibadilika. Inabaki imezimika mpaka mtu aje kubonyeza. Kwa ofisi ya mjini si neno. Kwa seva ya hospitali ambayo zamu ya usiku inaitegemea, ni neno kubwa.

Dawa yake ina pande mbili. Upande wa kwanza, NUT inapomaliza kuzima Linux inaiagiza ondulere ikate umeme kabisa baada ya sekunde chache, halafu iurudishe umeme wa ukutani ukiwapo. Kwa dereva usbhid-ups ni sekunde 20 za kukata na 30 za kurudisha, na mnaweza kubadilisha kwa offdelay na ondelay katika ups.conf. Mashine ikiwa nzito kuzimika, ongezeni offdelay. Upande wa pili uko katika BIOS ya ordinatere: kuna mahali panapouliza mashine ifanye nini umeme ukirudi, na sherti muiambie iwake. Laptopu nyingi hazina chaguo hilo.

Tukiwa tumeitaja laptopu, tuseme jambo ambalo wauzaji wa ondulere hawatawaambia. Kama ofisi yenu ni ndogo na bado hamjanunua kitu, laptopu iliyotumika, yenye batri nzima, ni seva na ondulere katika chombo kimoja. Inakula umeme kidogo, na Linux inaisoma batri yake bila programu ya ziada.

Jaribio la taa

Msiamini mpangilio wowote ambao haujachomolewa ukutani. Lakini msiuchomoe kwa mara ya kwanza huku ordinatere yenye hesabu za mwaka ikitegemea ondulere. Iko njia salama. Chomekeni ordinatere kwenye prize ya ukutani moja kwa moja, waya wa USB ukibaki kwenye ondulere, na kwenye ondulere wekeni taa ya meza. Fungeni kazi zote, wekeni nakala kwenye ufunguo wa USB, kisha andikeni:

sudo upsmon -c fsd

Hii inaiambia NUT ijifanye kwamba batri imekwisha. Ordinatere sherti izimike yenyewe, na muda mfupi baadaye taa ya meza nayo izimike kisha irudi. Kama taa ilizimika kabla ordinatere haijamaliza, offdelay ni fupi mno. Kama taa haikuzimika kabisa, ondulere yenu haijui amri hiyo, na mnajua sasa kwamba itabidi mtu awashe kwa mkono.

Mkiridhika, rudisheni ordinatere kwenye ondulere, chomoeni ondulere ukutani, na mtazame saa. Andikeni katika daftari tarehe na dakika zilizopita mpaka mashine ilipozimika. Rudieni kila miezi mitatu. Daftari hilo litawaambia habari za batri kwa ukweli kuliko asilimia za kwenye kioo.

Ikiwa mashine ni nyingi

Ondulere ina waya mmoja wa USB, lakini pengine inabeba seva na ordinatere mbili. Hapo ordinatere yenye waya inakuwa mlinzi mkuu: katika nut.conf yake mnaandika MODE=netserver, na katika upsd.conf mnaongeza mistari ya LISTEN, mmoja wa 127.0.0.1 na mmoja wa anwani yake ya rezo. NUT inasikiliza kwenye mlango 3493. Mashine nyingine zinaandika MODE=netclient na mstari wa MONITOR wenye anwani ya mlinzi mkuu na neno secondary mwishoni; jina na neno la siri wanalotumia liongezwe pia katika upsd.users ya mkuu, likiwa na upsmon secondary. Wasaidizi wanazimika kwanza, mkuu anawangoja, kisha anazimika.

Kisanduku kinachogawanya waya za rezo nacho sherti kichomekwe kwenye ondulere. Kikikosa umeme, wasaidizi hawatasikia amri ya kuzima. Imprimante ya laser, kinyume chake, isiwekwe kwenye ondulere hata siku moja. Inavuta umeme mwingi kwa ghafula na kuiangusha. Na mlango 3493 usifunguliwe kwa intaneti.

Ondulere na grupe

Parokia nyingi zinawasha grupe jioni, na hapo wanaona ajabu: grupe inanguruma, taa zinawaka, lakini ondulere bado inalia na upsc inaonyesha OB. Haijaharibika. Grupe ndogo haishiki mwendo sawa. Kila frigo inapoanza, volti na mizunguko ya umeme inayumba, na ondulere inauona umeme huo kuwa mchafu na kuukataa. Matokeo yake NUT inazima ordinatere wakati kila mtu anaona mwanga.

Jaribuni kwanza kupunguza mzigo wa grupe na kumwomba fundi aurekebishe mwendo wake. Kama haitoshi, ondulere nyingi za APC zinakubali kupunguzwa ukali: kwa apcupsd ni ndani ya programu ya majaribio apctest, na kwa NUT ni amri ya upsrw, kwenye kipengele input.sensitivity kama ondulere inakionyesha. Kama hakionekani katika orodha, ondulere hiyo haibadiliki.

Batri yenyewe

Ondulere nyingi ndogo zina batri moja ya risasi iliyofungwa, volti 12 na ampea-saa 7 hivi. Mahali pa baridi inaishi miaka mitatu hadi mitano. Joto ndilo adui: kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha yake karibu nusu. Ofisi ya Goma au Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, ina nafuu kuliko ile ya Uvira au Kalemie kando ya Tanganyika. Basi msiiweke chini ya dirisha lenye jua wala kuifunika kitambaa cha kupendeza. Batri iliyolala dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imekwisha kuanza kufa hata kama plastiki yake haijafunguliwa; angalieni tarehe iliyopigwa juu yake kabla ya kulipa.

Dakika katika daftari lenu zikishuka chini ya nusu ya zile za kwanza, badilisheni batri, si ondulere. Ni skrubu chache na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, baada ya kuchomoa ukutani na kuizima. Batri ya zamani ina risasi na asidi ndani. Isipasuliwe, isitupwe shimoni wala ziwani, na isiachwe mahali watoto wanachezea. Wauzaji wa batri za magari mara nyingi huzinunua kwa uzito.